Anga Yenye Siri Haikosi Hadithi

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ndiyo ngao ya wale wanaoamini kuwa vitu vya ajabu wanavyoviona marubani wa kijeshi ni vyombo vya viumbe wa sayari nyingine. Nimeisikia mara nyingi barazani, na hakosekani bwana wa pili wa kucheka na kusema kuwa marubani hao walikuwa wameota. Mimi nawapinga wote wawili. Katika mabishano yao wanamsahau mshtakiwa halisi, naye ni jeshi linaloficha hata yale yasiyostahili kufichwa.

Nianze na bwana anayecheka. Tarehe 14 Novemba 2004, karibu na pwani ya kusini ya California, manowari ya Marekani USS Princeton ilinasa kitu kwenye rada, na ndege mbili za kivita zilizoruka kutoka manowari ya kubebea ndege USS Nimitz zikaelekezwa kukitazama. Kamanda David Fravor na wenzake watatu waliona kitu cheupe, chenye umbo la kidonge, kisicho na mbawa, kikienda huku na huku juu ya maji. Fravor alipokikaribia kikaondoka kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Ilikuwa mchana kweupe. Waliporudi melini walipokewa kwa mzaha.

Mzaha huo una gharama yake. Kati ya 2014 na 2015, marubani waliokuwa wakifanya mazoezi katika anga ya kijeshi karibu na Virginia waliviona vitu visivyojulikana mara kwa mara. Mmoja wao, Ryan Graves, alilieleza Bunge la Marekani tarehe 26 Julai 2023 kuwa kitu kimoja kilipita katikati ya ndege mbili za kikosi chake, karibu mno. Sasa nauliza: ndege ingegongwa, wajane wangeambiwa nini? Kwamba waume zao waliona haya kuandika ripoti kwa kuogopa kuitwa wendawazimu? Ripoti ya serikali ya Marekani ya Juni 2021 ilikusanya matukio 144, na katika hayo ni moja tu lililoelezeka kwa uhakika, nalo lilikuwa puto kubwa lililokuwa likipungua upepo. Katika matukio 11 marubani walisema walinusurika kugongana. Ripoti hiyohiyo ilikiri kuwa aibu iliwazuia watu kusema. Basi anayecheka na acheke, lakini ajue anacheka juu ya roho za watu.

Na wewe unayeamini, usifurahi mapema. Kitu kisichotambulika maana yake ni hicho tu: hakijatambulika. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza mambo haya ilitangaza kuwa haikupata ushahidi wowote wa vyombo kutoka nje ya dunia. Utasema wanaficha. Naam, kuficha wameficha, lakini hebu tazama walichokuwa wakificha. Mwaka 1947 huko Roswell jeshi lilitangaza limeokota kisahani kirukacho, halafu likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 ndipo Jeshi la Anga likaeleza kuwa mabaki yale yalikuwa ya maputo ya siri yaliyotengenezwa kusikiliza majaribio ya mabomu ya atomiki ya Warusi. Tangu 1955 ndege ya kijasusi ya U-2 iliruka juu kupita mita 18,000, wakati ambapo watu wengi hawakudhani kuna ndege inayoweza kufika huko. Marubani wa abiria waliiona iking'aa wakaandika ripoti. Wachunguzi waliujua ukweli katika visa vingi, wakawapa watu majibu mengine. Ndivyo hadithi zinavyozaliwa: mtu mzima ameona kitu kwa macho yake, anaambiwa uongo, anajua ni uongo, kisha anajitungia maelezo yake.

Najua jibu la majenerali. Watasema picha zikitolewa, adui atajua macho yetu yanaona mpaka wapi. Sawa, na wafiche picha. Lakini idadi ya matukio inamfundisha nini adui? Tarehe zake je? Hitimisho la uchunguzi je?

Tena siri hiyo haiwalindi hata wenyewe. Februari 2023, baada ya puto la Wachina kukatiza Marekani nzima na kuangushwa tarehe 4, rada ziliachiwa zione hata vitu vidogo vilivyokuwa vikichujwa. Kati ya tarehe 10 na 12 vitu vitatu vikatunguliwa kwa makombora, na baadaye Rais Biden akasema yaelekea yalikuwa maputo ya kampuni, ya starehe au ya utafiti. Desemba mwaka huohuo, ndege ndogo zisizo na rubani zikaruka usiku baada ya usiku juu ya kambi ya Langley, makao ya ndege za F-22. Kambi hiyo iko Virginia, jimbo lilelile ambalo marubani walikuwa wamepiga kelele karibu na pwani yake miaka minane au tisa kabla. Wananchi walikuja kuipata habari hiyo kwa kirefu Oktoba 2024.

Msomaji mpenzi, kodi ndiyo inayonunua rada na ndege hizo, na watoto wa watu ndio wanaozirusha. Siku nyingine mabishano haya yakianza mbele yako, usikubali kuburutwa upande wa majini wala upande wa kicheko. Uliza nani aliandika ripoti, nani aliisoma, na kwa nini aliyeisoma akanyamaza.