Samaranch, balozi aliyejua kuwa michezo haiikwepi siasa

Na Mwandishi Wetu

KILA mashindano makubwa ya dunia yanapokaribia, husikika kauli ileile kwamba michezo isichanganywe na siasa. Kauli hiyo ni tamu masikioni, lakini historia haiiungi mkono. Miongoni mwa walioielewa vyema historia hiyo ni Juan Antonio Samaranch, balozi wa zamani wa Hispania aliyeiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) kuanzia mwaka 1980 hadi 2001, na kufariki dunia Aprili 2010.

Samaranch aliutumikia utawala wa Jenerali Francisco Franco, uliomkabidhi usimamizi wa michezo nchini mwake. Mwaka 1977 akapelekwa Moscow kuwa balozi. Ni katika mji huo alikochaguliwa kuwa rais wa IOC, Julai 1980, siku chache kabla ya kufunguliwa kwa michezo iliyosusiwa na Marekani na makumi ya nchi nyingine kupinga majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan.

Kwake yeye siasa halikuwa jambo la kufukuzwa uwanjani, bali la kujadiliwa mezani. Alipinga waziwazi ususiaji. Baada ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake kutokwenda Los Angeles mwaka 1984, mialiko ya michezo iliyofuata ilitumwa na IOC yenyewe badala ya mji mwenyeji. Kuanzia mwaka 1985 aliziketisha Korea zote mbili mjini Lausanne. Korea Kaskazini haikukubali na haikwenda Seoul mwaka 1988, lakini Wasovieti na Wamarekani walikwenda, na nchi 159 zikashiriki. Miaka minne baadaye, Barcelona, Afrika Kusini ilirejea huku Nelson Mandela akishuhudia.

Hayo ni mafanikio ya mwanadiplomasia, na hayapaswi kubezwa. Swali ni je, alikuwa sahihi kuuweka ususiaji wote katika kapu moja?

Historia yetu wenyewe inajibu tofauti. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine za Afrika zaidi ya 20 hazikushiriki Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikicheza Afrika Kusini wakati damu ya watoto wa Soweto haijakauka. IOC ilijitetea kuwa raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, hivyo haikuwa na sababu ya kuiondoa New Zealand. Afrika haikuridhika.

Gharama yake ilibebwa na wanariadha. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa kukimbia dakika 3:32.2, alibaki nyumbani. Dhahabu ya Montreal ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, mtu yuleyule aliyemshinda siku ile. Mkenya Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakupata kukimbia Olimpiki hata mara moja, kwa kuwa nchi yake ilisusia Montreal na kisha Moscow.

Hata hivyo, kafara hiyo haikwenda bure. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana, katika Azimio la Gleneagles, kuzuia uhusiano wa kimichezo na Makaburu. Afrika ilikuwa na dai moja, lililo wazi, tena lililohusu michezo yenyewe: timu zilizochaguliwa kwa rangi ya ngozi.

Ususiaji wa wakubwa haukuwa hivyo. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma bondia Muhammad Ali jijini Dar es Salaam kuiomba Tanzania isiende Moscow. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuonana naye, na waandishi wa habari wakamuuliza Ali ilikuwaje Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976. Tanzania ilikwenda. Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi baada ya Paris 2024, hizo zilikuwa bado medali pekee za Tanzania katika Olimpiki. Majeshi ya Kisovieti, kwa upande wake, yalibaki Afghanistan hadi Februari 1989.

Mwaka 1992 Samaranch alikabiliwa na mtihani mwingine. Baraza la Usalama lilikuwa limeiwekea Yugoslavia vikwazo vilivyogusa hata michezo. Suluhu ikapatikana: wanamichezo wake wakaruhusiwa kushindana mmoja mmoja, bila bendera wala wimbo wa taifa. Njia hiyo ilitumika tena Paris mwaka 2024 kwa Warusi na Wabelarusi wachache, kutokana na vita vya Ukraine.

Hapo ndipo meza ya mabalozi inapoonyesha udhaifu wake. Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq Machi 2003 bila idhini mahsusi ya Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata zilipita Athens na bendera zao, na hakuna aliyeulizwa. Kanuni inayomkamata mmoja na kumwacha mwingine si kanuni, ni mizani ya nguvu.

Machi 2025 IOC ilimchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, naye aliwahi kuwa waziri nchini mwake. Amerithi mbinu ya Samaranch ya kuwaketisha mahasimu mezani. Afrika, iliyolipa kwa miguu ya vijana wake mwaka 1976, ina haki ya kumdai zaidi ya hapo: kwamba atakayeadhibiwa aadhibiwe kwa kosa lake, si kwa unyonge wa taifa lake.