Kobe Hafugwi kwa Huruma Peke Yake

Wamo miongoni mwa wasomaji wetu ambao majumbani mwao mna kobe. Aghlabu huonekana kuwa ni mnyama asiye na taabu: hapigi kelele wala halalamiki. Sisi twaona kuwa kimya chake hicho ndicho kimtiacho khatarini. Kuku akiugua hujulikana upesi. Kobe huweza kudhoofika miezi mingi, na mwenyewe anapotambua, wakati wa dawa umekwisha pita. Basi yafaa tuyaeleze yale wayajuayo wafugaji wa siku nyingi.

La kwanza ni jua. Kobe, kama mjusi na nyoka, hulipata joto lake kutoka nje. Akilikosa, chakula hakisagiki tumboni hata kiwe kizuri namna gani. Tena miale ya jua ndiyo imsaidiayo kupata vitamini D, na pasipo hiyo mwili hauwezi kuyatumia madini ya chokaa. Gamba hulainika na mifupa hupinda. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halitoshi, kwani kioo huizuia miale hiyo. Lakini asianikwe kama nguo: hapana budi awe na kivuli cha kukimbilia na maji katika chombo kipana kisicho na kina.

La pili ni chakula. Watoto humpa mkate na wali kwa mapenzi, na wamwonapo akila hufurahi. Ilhali kobe wetu wa nchi kavu asili yake ni nyasi na majani. Kula kwake si dalili kuwa chakula chamfaa.

La tatu ni mayai. Yai likikaa siku kadhaa baada ya kutagwa lisigeuzwe, kwani kijusi kimekwisha shikamana ndani, na kugeuzwa kwaweza kukiua. Katika aina nyingi za kobe, joto la mchanga ndilo liamualo jinsia: joto jingi hutoa majike, na la chini hutoa madume.

Hata hivyo, maarifa yote haya hayafai kitu pasipo ulinzi. Mwaka 1919 kobe wanne wakubwa wa Aldabra waliletwa kutoka Shelisheli hadi kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Kufikia mwaka 1955 walikuwa wamefika kiasi cha 200. Kisha wakaibwa na kuuzwa, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Kobe hukawia sana kukua, na aibwaye leo hafidiwi kesho. Ndipo ukajengwa ua wa kuwalinda, na idadi yao ikapanda tena.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wasinunue kobe kwa mpita njia. Sheria za wanyama pori za Kenya na Tanzania zataka kibali, na mnunuzi ndiye ampaye mwizi soko. Aliye naye kwa halali, na awafundishe watoto kunawa mikono kwa sabuni kila wamshikapo, kwani kobe mwenye afya huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Mwisho, kobe wa Aldabra huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na hata wale wadogo huishi makumi ya miaka. Atakaye kumfuga na ajiulize kwanza: nitakapoondoka mimi, nani atakayemtoa juani?