Nyaya za Darubini na Giza la Ukambani



Mbingu ya miji yetu ya pwani ina taa nyingi chini yake na mvuke wa bahari ndani yake, na vyote viwili huzificha nyota hafifu. Anayetaka kumwonyesha mwanawe ule ukanda mweupe wa nyota unaokata anga, hana budi kupanda bara. Mtito Andei, katika kaunti ya Makueni, iko karibu katikati ya safari ya Mombasa na Nairobi. Mji wa Kitui umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Ukitoka nje ya miji hiyo, hasa katika ukavu wa Januari na Februari, giza la Ukambani ni neema kwa darubini.

Siku hizi kamera hufungwa nyuma ya darubini, nayo darubini hukaa juu ya kiegemeo chenye mota, kinachozunguka polepole kuifuata nyota. Kazi hiyo huleta nyaya nyingi: waya wa umeme wa mota, wa umeme wa kamera, wa mkanda wa joto unaozuia umande usiketi kwenye kioo, na nyaya za data ziendazo kwenye kompyuta. Mwenye haraka huziacha zining'inie. Saa sita za usiku waya mmoja hunasa, mota haijui, huendelea kuvuta, na soketi ya kamera hung'oka. Chombo kilichonunuliwa kwa akiba ya miaka hulala usiku ule ule, na vipuri vyake aghalabu huagizwa ng'ambo. Mtoto aliyengoja zamu yake hurudi nyumbani na hadithi ya kuharibika, badala ya hadithi ya nyota. Kwa hiyo twasema kwamba upangaji wa nyaya si urembo: ndio ulinzi wa mali na wa hamu ya mtoto.

Tuanze na kujua chombo kinakwenda umbali gani. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na kiegemeo hugeuka kwa kiasi hicho hicho. Mtakumbuka kupatwa kwa mwezi usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipozama katika kivuli kizima kwa dakika 82. Tangu kivuli kilipougusa hadi kilipouacha zilipita kama saa tatu na nusu. Darubini iliyoufuata mwezi muda wote huo iligeuka zaidi ya digrii 50. Waya uliokuwa na nafasi mwanzoni ungeweza kukazika kabla kivuli hakijaondoka.

Kuna geuko kubwa kuliko hilo. Nyota nayo ina zawali yake: hupanda kutoka mashariki, hufika kileleni, kisha huanza kushuka magharibi. Ikishavuka kilele hicho, kiegemeo cha aina iliyozoeleka hulazimika kujipindua ili darubini isigonge miguu yake, na mhimili wake mkuu hugeuka karibu nusu duara kwa dakika chache. Hapo ndipo nyaya nyingi hunasa, na hapo ndipo mwenye darubini hapaswi kuwa amelala.

Nchini mwetu lipo jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilisisitizi. Mhimili wa kiegemeo huelekezwa kwenye ncha ya mbingu. Mjini London ncha hiyo iko juu, zaidi ya digrii 51 kutoka upeo wa macho, na mhimili husimama mshazari. Lakini Kitui iko digrii 1.4 tu kusini mwa ikweta, Wote 1.8, na Mtito Andei 2.7. Ncha ya kusini iko pale pale juu ya upeo, na mhimili hulala karibu sawa na ardhi. Matokeo yake, uzito wa kusawazisha na nyaya zinazoning'inia hupita karibu sana na miguu mitatu ya kiegemeo. Mpangilio uliofaa Ulaya waweza kunasa hapa. Wengine huweka nguzo fupi kati ya miguu na kiegemeo ili kupata nafasi, na ni wazo jema.

Sasa tuingie katika upangaji wenyewe. Mama zetu wanaosuka ukili wa mikeka, na wenzao wa Ukambani wanaosuka vyondo vya katani, wanajua kwamba kazi haiendi mpaka kila uzi uwe na mahali pake. Kanuni ni ile ile.

Kwanza, punguza nyaya zinazoshuka. Weka juu ya darubini kisanduku kidogo cha kugawa umeme na kingine cha kukusanya data. Nyaya fupi zote zitabaki huko juu zikigeuka pamoja na chombo, na zitakazoshuka chini zitakuwa mbili tu, mmoja wa umeme na mmoja wa data. Waya usioshuka hauwezi kunasa miguuni.

Pili, ziteremshe karibu na kitovu cha mzunguko. Tazameni jiwe la kusagia: ukingo wake huenda mbali, kitovu chake hakiondoki. Waya ulioshikizwa karibu na mhimili husogea kidogo sana, na ule ulioachwa mwishoni mwa darubini huchota duara kubwa.

Tatu, acha mkunjo mlegevu mahali panapogeuka, na kaza mahali pasipogeuka. Tumia utepe wa kunata unaofungika na kufunguka, kwani kifungo cha plastiki kikikazwa mno huuma ganda la waya. Kila waya uufunge kwenye mwili wa chombo karibu na plagi yake, ili ukivutwa, kifungo ndicho kibebe mvuto na soketi isalimike.

Nne, chagua urefu na unene kwa hesabu. Waya mwembamba hula umeme njiani. Waya wa shaba wa mita 5, wenye unene wa milimita 1 ya mraba, ukibeba ampea 5, hupoteza karibu volti 0.9 kati ya 12 za betri, na mota iliyopungukiwa huyumba. Waya wa data nao usirefushwe ovyo: kwa aina ya kawaida ya USB 2, mita 5 ndio mpaka. Na betri yoyote, hata ile iliyoazimwa kwenye sola ya nyumbani, iwekewe fyuzi karibu na kichwa chake. Nyaya zikigusana bila fyuzi, moto hauko mbali.

Tano, andika lebo ncha zote mbili za kila waya, au tia utepe wa rangi. Gizani tunatumia tochi nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza, na chini ya nuru hiyo nyaya nyeusi hufanana zote.

Sita, fikirini walio chini. Waya uliotandazwa mchangani ni mtego wa mguu wa mtoto. Betri iwekwe chini ya miguu mitatu, si kando, na pande zote waachiwe watoto njia ya kupita. Vifaa vilale juu ya turubai au meza, kwani vumbi jekundu la Ukambani huingia kwenye plagi, na nge hupenda kujificha chini ya vitu vilivyolala.

Yote haya yafanywe kabla ya Magharibi. Umeme ukiwa umezimwa, legezeni mihimili na mwigeuze darubini kwa mkono: mashariki, utosini, magharibi, kaskazini, kusini, kisha mpinduko wa zawali. Mmoja ageuze, mwingine ainame atazame nyaya miguuni. Kazi hii yafaa kupewa watoto, wa kike kwa wa kiume, kwa kuwa macho yao ni makali na hawachoki kuuliza. Penye mkazo, legezeni, pananing'inia, fungeni. Isha inapoingia giza nalo limekamilika, na chombo kiko tayari.

Abdulrahman al-Sufi aliandika mwaka 964 habari za kiwingu kidogo katika kundi la Andromeda, naye hakuwa na kioo wala waya. Kiwingu hicho, ambacho leo twajua ni jamii ya nyota iliyo mbali sana, huonekana Kitui upande wa kaskazini katika usiku wa mwisho wa mwaka. Picha yake huhitaji saa kadhaa za utulivu, na utulivu huo hufungwa kwa utepe mchana, mikono ikiwa na nuru ya kuonea.

Wabillahi tawfiq.