Sauti Tupu na Neno Lililoandikwa

Wazee walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema kuwa lililojaa halina sauti; walisema kuwa lililo tupu ndilo lenye makelele. Katika siku zetu madebe ya namna hii yamezidi idadi. Yanavuma viwanjani, yanavuma katika magari ya abiria, yanavuma usiku kucha katika simu zilizo mikononi mwa vijana. Huyu adai kuwa ameoteshwa ndoto. Yule adai kuwa amesemeshwa na malaika. Mwingine auza maji, mafuta na vitambaa, akimwahidi mnunuzi kuwa atafaulu mtihani, atapona ugonjwa au atapata utajiri. Wasikilizaji ni wengi, na wengi wao hujiita Wakristo. Nami nauliza: Mkristo mwenye Biblia nyumbani mwake ana haja gani na sauti hizi?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Walikuwamo wanaume, wanawake na watoto wadogo. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kuwa wengi wao walikufa kwa njaa. Ilielezwa kwamba walifundishwa kuacha chakula na maji ili wafe wapate kukutana na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka, na kuhukumu watu ni kazi ya mahakama, wala si kazi yangu. Lakini fundisho lenyewe twaweza kulipima, maana kipimo tunacho.

Na tulipime. Nabii Eliya alipochoka na maisha, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumpa kifo alichokitaka. Alimpelekea malaika, naye malaika akamwamsha mara mbili na kumwamuru ale, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate na chupa ya maji. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza mtoto apewe chakula. Katika sura ya 58 ya kitabu cha Isaya, Mungu aikataa saumu ya wanaodhulumu wenzao, na kueleza ile aliyoichagua: kuwafungua walioonewa na kumgawia mwenye njaa mkate. Tena katika sura ya 24 ya Injili ya Mathayo imeandikwa wazi kwamba siku ile na saa ile hapana aijuaye, hata malaika. Mbele ya maandiko haya, fundisho la kumnyima mtoto chakula ili afike mbinguni lasimama wapi? Halina mahali pa kusimama. Msichana wa darasa la saba angaliweza kulipindua kwa kusoma kurasa nne.

Yamkini msomaji atanijibu kuwa wahubiri wa namna hii nao hushika Biblia mkononi na kutaja aya. Ni kweli, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Lakini hila hii ni kuukuu. Shetani alipomjaribu Yesu juu ya kinara cha hekalu, alitumia Zaburi. Yesu hakuyaacha maandiko kwa sababu adui ameyataja. Alimjibu kwa andiko jingine. Basi tiba ya aya iliyokatwa ni kitabu kizima. Atakaye kudanganya hukata kipande kidogo, akakipandisha juu ya mimbari, akaficha kilichotangulia na kilichofuata. Asomaye sura yote humkamata mdanganyifu kama mwizi aliyekutwa na mali mkononi.

Wengine hudanganywa na wingi. Husema, "Umati wote ule hauwezi kupotea." Na wasome sura ya 22 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme. Ahabu, mfalme wa Israeli, aliwakusanya manabii wapatao 400 awaulize kama aende vitani Ramoth-Gileadi. Wote kwa kinywa kimoja walimwambia aende, atashinda. Mikaya peke yake alimwambia lililo kweli, akatiwa kifungoni kwa ajili yake. Mfalme alikwenda, akapigwa mshale, akafa jioni ile. Sauti 400 hazikumwondolea mshale mmoja. Ukweli hauhesabiwi kwa vichwa wala kwa idadi ya watazamaji wa simu.

Wengine hudanganywa na bei. Hudhani kuwa baraka isiyo na gharama haina nguvu. Elisha alipomwambia Naamani namna ya kuponywa ukoma, Naamani alitaka kumpa zawadi, naye Elisha akakataa katakata. Mtumishi wake Gehazi alimfuata yule mgeni kwa siri, akapokea fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Kila aonaye chupa ya maji ikiuzwa kwa jina la Mungu na akumbuke uso wa Gehazi.

Nasikia pingamizi la mwisho: kijana hawezi kuelewa maandiko bila ya mwalimu. Nakubali kwamba mwalimu ni wa lazima, lakini kuna mwalimu na mwalimu. Filipo alimkuta towashi wa Kushi garini akisoma kitabu cha Isaya asikielewe. Alipanda, akaketi naye, akaanzia pale pale alipokuwa akisoma. Kazi ilipokwisha, Filipo aliondoka, na yule mtu akaendelea na safari yake akifurahi. Mwalimu wa kweli hukufungulia kitabu. Wa uongo hukifunga, akataka umtazame yeye. Watu wa Beroya hawakumwamini hata mtume Paulo kwa kumsikia tu. Walipokea mahubiri yake kwa moyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, nao walisifiwa kwa kufanya hivyo. Ikiwa Paulo alipimwa, ni mhubiri gani wa leo aliye mkubwa hata asipimwe?

Hapa Kenya tuna aibu ya ziada, kwa sababu kitabu hiki hakikutufikia bure. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huo huo alizika mkewe na mtoto wake, na katika mwaka huo huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na ile ya Union Version mwaka 1952. Katika nchi ya Wagikuyu Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Hilo lilikuwa jina lao mbele ya watu: msomaji. Leo wajukuu wao, waliopata shule na vitabu tele, wamekuwa wasikilizaji tu.

Ewe kijana, usiidharau akili uliyopewa. Ukisikia sauti ikijiita ya Mungu, iulize maswali manne. Imeandikwa wapi? Sura nzima yasemaje? Nani atapata fedha nikitii? Nani ataumia nikitii? Sauti ya kweli haiogopi maswali haya. Sauti tupu itakasirika, itakutisha kwa laana, itakuita mwasi. Hapo funga masikio yako, fungua kitabu chako, usome. Waliolala katika mchanga wa Shakahola hawawezi tena kuuliza. Wajibu wa kuuliza wametuachia sisi.