Programu ya kikundi: Kabla ya kulipa, uliza daftari litabaki kwa nani

LORI la mananasi linapopakia Kiwangwa, kando ya barabara ya Bagamoyo-Msata, mara nyingi yanakuwapo madaftari mawili. Moja liko kwa dalali. La pili, kama lipo, liko kwa mkulima. Hesabu zikitofautiana jioni, anayeshinda ni yule ambaye daftari lake limeandikwa kila siku, lina tarehe na halijachanika. Kwa kawaida huyo si mkulima.

Mlingotini mgogoro ni wa namna nyingine. Mwani unavunwa mbichi, unalipwa mkavu, na kilo kumi za mbichi zikishakauka hubaki kilo moja na kitu. Mama aliyevuna anakumbuka mizigo aliyobeba, wakati mnunuzi anasoma mzani. Kule Kerege na Mapinga, mfugaji wa kuku anayesambaza trei za mayai kwa mkopo katika maduka ya Bunju na Tegeta hajui kwa uhakika nani anadaiwa kiasi gani hadi mwenye duka mwenyewe amwambie.

Hayo yote ni matatizo ya kumbukumbu, na ndiyo yanayoyapa soko majukwaa mapya ya kutengenezea programu za biashara. Zamani kikundi kilichotaka programu kilimhitaji mtaalamu wa lugha za kompyuta na mamilioni ya shilingi. Leo kijana aliyemaliza chuo anaanza na jedwali la kawaida lenye majina, tarehe, idadi na bei, na jukwaa linamtengenezea fomu, orodha na ripoti zinazofunguka kwenye simu na kompyuta. Kazi iliyokuwa ya miezi sasa inaweza kuwa ya siku chache.

Urahisi huo ni wa kweli, na hakuna sababu ya kuubeza. Mashaka ni katika namna ya kuchagua. Viongozi wa vikundi huoneshwa rangi, picha na ripoti zinazovutia, wakakubali. Maswali yanayogusa mfuko wa mwanachama huja baadaye, wakati fedha zimeshatoka.

Swali la kwanza ni bei, nayo haiko pale inapodhaniwa. Majukwaa makubwa ya kulipia, kama AppSheet iliyonunuliwa na Google mwaka 2020, au Power Apps ya Microsoft, hayauzwi kwa kikundi. Yanauzwa kwa kichwa, kwa mwezi, kwa dola. Bei zilizokuwa zikitangazwa mwaka 2024 zilikuwa dola 5 au 10 kwa mtumiaji mmoja wa AppSheet kwa mwezi, na dola 20 kwa Power Apps.

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima 60 wa mananasi, chenye viongozi na wahesabuji 12 watakaoingiza taarifa. Kwa dola 10 kila mmoja, gharama ya mwaka ni dola 1,440. Dola moja ikihesabiwa kwa Sh2,600, hiyo ni Sh3,744,000. Ikiwa nanasi moja linamwachia mkulima faida ya Sh300, kikundi kitauza mananasi 12,480 kwa ajili ya kulipia programu tu, kabla ya vifurushi vya intaneti, simu na posho ya kijana aliyeitengeneza. Wanachama wote 60 wakitaka kuifungua wenyewe, gharama inafika Sh18,720,000 kwa mwaka.

Isitoshe, mwanachama anauza kwa shilingi na programu inalipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takriban Sh2,330. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita Sh2,600. Programu ile ile, bila kuongezwa hata kitufe kimoja, ilipanda kwa zaidi ya asilimia 11.

Bei ya kwa kichwa ina madhara mengine yasiyosemwa. Ili kubana matumizi, kikundi hulipia akaunti moja na wahesabuji wote wakapewa nywila moja. Hapo ndipo faida kuu ya programu inapokufa. Kesho yake ikionekana mananasi 40 pale palipopaswa kuwa 400, hakuna anayeweza kusema nani aliandika. Daftari la karatasi lina afadhali, kwa kuwa mwandiko wa mtu hujulikana.

Na vya bure? Vipo, lakini vina kimo. Airtable, jukwaa lingine linalopendwa na wanaoanza, tangu mwaka 2023 liliweka ukomo wa rekodi 1,000 kwa kila ghala la taarifa la asiyelipa. Kikundi cha watu 60 kinachoandika mstari mmoja kwa kila mwanachama kwa wiki kitajaza nafasi hiyo ndani ya wiki 17. Msimu utakuwa katikati, na kurudi nyuma itakuwa vigumu kuliko kulipa.

Swali la pili ni zito kuliko bei: jukwaa likifungwa, nini kinabaki? Hili si jambo la kufikirika. Google ilifunga huduma yake ya majedwali ya Fusion Tables Desemba 2019, kisha Januari 2021 ikafunga App Maker, ambayo ilikuwa jukwaa la aina hii hii. Amazon nayo iliizima Honeycode mwishoni mwa Februari 2024. Kampuni hizo hazikufilisika. Ziliona biashara hiyo hailipi, zikaacha. Wateja walipewa muda wa kuchukua taarifa zao, lakini fomu, hesabu na utaratibu mzima wa programu havikuweza kuhamishwa kama vilivyo. Waliokuwa wamezijenga walianza upya kwingine.

Kwa kikundi cha Bagamoyo, hata hivyo, hatari ya karibu zaidi si Google. Ni kijana mwenyewe. Programu huandikishwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kompyuta siku hiyo. Akipata ajira Dodoma, au akikosana na mwenyekiti, kumbukumbu za miaka miwili zinaondoka naye. Si lazima awe mwizi. Inatosha abadilishe namba. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi na kwa laini iliyosajiliwa kwa jina linalobaki ofisini, na nywila iandikwe na kufungiwa mahali pamoja na muhuri.

Kuna jaribio rahisi ambalo katibu yeyote anaweza kulifanya kabla ya kulipa. Amwombe mtengenezaji akae pembeni, kisha yeye mwenyewe azitoe rekodi zote kutoka kwenye programu ziwe faili linalofunguka katika Excel kwenye kompyuta nyingine, hata ya kibanda cha steshenari. Akishindwa, kikundi hakijanunua daftari; kimekodisha, na funguo ziko kwa mtu mwingine.

Swali la tatu ni mtandao. Programu hujaribiwa mjini Bagamoyo, mbele ya wanachama, mahali ambapo mawimbi ni mazuri. Inapaswa kujaribiwa pale kazi inapofanyika, yaani shambani wakati lori linapakia, huku simu ikiwa haina kifurushi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilikatika kusini mwa Afrika Mashariki na intaneti nchini ikazorota vibaya. Kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Nanasi lililoiva halisubiri.

Hapa majukwaa yanatofautiana sana. ODK, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ilibuniwa tangu mwanzo kwa maeneo yasiyo na mtandao. Fomu hujazwa, hukaa ndani ya simu, na kutumwa mawimbi yakipatikana. KoboToolbox inafuata njia hiyo hiyo. AppSheet nayo inaweza kuhifadhi taarifa kwenye simu na kuzituma baadaye. Power Apps inataka ipangwe kwa makusudi ili ifanye hivyo, na Airtable inategemea mtandao kwa karibu kila kitu.

Watanzania si wageni wa fomu za simu. Mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za maeneo ya mafuriko Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015, kwa zana za wazi ambazo hazilipiwi kwa kichwa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, imekuwa na mfumo wa e-CAS ambao samaki wanaoshushwa mialoni huandikwa kwa simu. Uwezo wa kuandika kwa simu katika mwalo wa pwani umeshathibitishwa. (Kwa wakulima wa mwani hali ni tofauti kidogo: mikono yenye maji ya chumvi na simu havipatani, na karatasi iliyofungwa kwenye ubao bado ndiyo inayofaa majini. Simu ingoje nchi kavu, penye mzani.)

Lakini neno "bure" linapotajwa kuhusu ODK, lieleweke. Cha bure ni programu. Rekodi zinahitaji seva ya kuzihifadhi, na seva hulipiwa, au huhitaji mtu anayejua kuitunza. Pia majukwaa hayo yana nguvu katika kukusanya taarifa kuliko katika kuendesha biashara. Hayatamkumbusha mfugaji wa Mapinga kwamba duka fulani limechelewa kulipa trei 30. Kazi hiyo itafanywa na mtu, ndani ya Excel, kila Ijumaa.

Sheria nayo imebadilika, jambo ambalo wauzaji wengi wa programu hulipita kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kikundi kinachokusanya majina, namba za simu na za vitambulisho vya wanachama kinabeba wajibu chini ya sheria hiyo, ikiwamo kujisajili kwenye Tume inayosimamia, na zipo taratibu za kusafirisha taarifa nje ya nchi. Majukwaa mengi yaliyotajwa yanahifadhi taarifa nje. Namba ya kitambulisho isiyo na kazi katika hesabu ya mananasi isiandikwe kabisa.

Aidha, chama cha ushirika kilichosajiliwa kiangalie kwanza kile ambacho tayari kipo. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU. Minada ya korosho, zao linalolimwa pia mkoani Pwani, imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Hakuna maana ya kulipa dola kwa ripoti ambayo chama kitalazimika kuiandika tena kwingine.

Kwa hali ilivyo, mfanyabiashara wa mayai mwenye wasaidizi wawili hana sababu ya kuogopa jukwaa la kulipia. Watu watatu kwa dola 5 ni dola 180 kwa mwaka, kama Sh468,000, na madeni mawili matatu yaliyosahaulika hupita kiasi hicho. Kikundi cha watu 60 kina hesabu tofauti. Fomu za ODK au Kobo kwa wahesabuji, jedwali la Excel kwa katibu, na nakala inayohifadhiwa kila mwezi kwenye flashi mbili katika nyumba mbili, vinatosha kwa misimu miwili ya mwanzo. Baada ya hapo viongozi watajua ripoti gani wanaihitaji kweli, na watakuwa na rekodi safi za kuhamishia kwenye jukwaa lolote. Kikundi ambacho bado hakijaweza kuandika daftari la karatasi kwa msimu mzima bila kuruka siku hakitaponywa na programu.

Lipo jambo ambalo karibu kila maonesho ya programu hulisahau, nalo ni mkulima mwenyewe, mwenye simu ya tochi. Hatafungua jukwaa lolote. Rekodi yake ikikaa kwenye simu ya mwenyekiti badala ya daftari la dalali, kwake hakuna kilichobadilika. Katika makubaliano na mtengenezaji liandikwe sharti kwamba, kabla lori halijaondoka, mkulima apate ujumbe mfupi wa maneno au risiti ya karatasi yenye vitu vinne: idadi, bei, tarehe na jina la aliyehesabu.