Kisangani: Kabla ya kubadilisha manjanja, pima kilo

Mvua ya Septemba mpaka Novemba haina mchezo Kisangani. Kila mwaka ikikaribia, wakaaji wa Mangobo, Kabondo na Lubunga wanapanda juu ya nyumba kutazama manjanja. Mengine yameliwa na kutu tangu wakati wa Mobutu. Mengine, katika komine ya Tshopo, yana viraka vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji. Umoja wa Mataifa ulihesabu nyumba zaidi ya 4.000 zilizobomoka au kuharibika. Kubadilisha paa kwetu si anasa. Lakini naona watu wengi wanatoa paa baya la zamani na kuweka jipya lililo baya zaidi.

Jirani yangu alinunua manjanja ya kung'aa, akaambiwa ni 28. Upepo mkubwa wa kwanza uliyakunja kama karatasi za daftari. Tulipookota moja uwanjani, niliinua kwa mkono mmoja. Haikuwa 28.

Namba ya manjanja inaenda kinyume: ikipanda, chuma kinapungua. Namba 28 ina unene wa karibu milimita 0,35. Namba 32 ina 0,23. Namba 35 inabaki na 0,13, yaani chini ya nusu ya 28. Kwa macho hauwezi kuzitofautisha, zote zinang'aa, na chapa inaandikwa vyovyote. Kilo ndiyo haidanganyi. Njanja ya mita 3, yenye upana wa sentimita 90 kabla ya kupigwa mawimbi, ikiwa 28 ya kweli inakaribia kilo 7 na nusu. 32 inakaribia 5. Ikiwa haifiki hata 3, umeuziwa 35.

Sababu iko njiani. Mizigo yetu inapanda mto kutoka Kinshasa, ama inakuja kwa barabara kutoka mpaka wa Uganda kupitia Beni na Komanda. Safari ni ndefu na kila kilo inalipiwa. Mwenye kuleta manjanja mepesi anapakia mengi zaidi kwa uzito uleule. Namuelewa, ni biashara. Nisichokubali ni kuandika 28 juu ya 35.

Tusimtupie muuzaji lawama yote. Magari yaliyojaa mbao za msitu wetu yanatoka kila siku, na sisi tunapigilia manjanja juu ya mbao mbichi za bei ya chini. Zikikauka zinajipinda, misumari inalegea, upepo unapata pa kuingilia. Wengine wanarudishia mbao za zamani zilizokwisha kuliwa na mchwa, eti kuokoa makuta. Fundi naye anapiga msumari bondeni mwa wimbi, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni, na hafungi mbao kwa ukuta hata kwa waya.

Mwenye makuta kidogo afanye nini? Mimi ningefunika vyumba vya kulala kwa 28 na kuacha jikoni chini ya majani ya ndele mpaka mwaka kesho. Ndele iliyosukwa vizuri haioni haya mbele ya 35, na chini yake mtu halali kama ndani ya sufuria.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na milioni 40 kati yake ni za mali zilizoharibiwa. Sitaki kuona pesa ya mwenye nyumba aliyengoja zaidi ya miaka ishirini ikiishia katika manjanja ya upepo mmoja. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia, ipite sokoni na kupima. Isipokuja, mnunuzi adai kupima mwenyewe kabla ya kulipa. Wauza samaki na mchele wana mizani, na hawako mbali na manjanja.