Kama Samatta si mugeni, mwenzetu wa mugodi ni mugeni wa nani?

Siku ya Mungu, tarehe 8 mwezi huu wa kumi na moja 2015, Mbwana Samatta alipoweka mupira chini kwa kupiga penalti, Kamalondo yote ilinyamaza. Sisi wenye tulikosa tikiti tulikuwa tumejaa ku nganda moja karibu na uwanja, macho kwenye televizyo. Lakini televizyo ilikuwa inachelewa: tulisikia uwanja ukilipuka kabla hatujaona mupira ukiingia. Muzee mumoja, mustaafu wa mugodi, aliruka na kusema: "Huyu mutoto ni wetu! Iko mutoto wa hapa!" Kijana mumoja akamucheka: "Papa, ule iko Mutanzania." Muzee akamuangalia, akamuuliza: "Na wewe, nkambo yako alitoka wapi?"

Nganda yote ilicheka, na kijana naye alicheka. Lakini lile swali la muzee limebaki nasi. Tunataka kulileta hapa mbele ya bapapa, bamama na vijana wa kambi za kazi, kwa sababu wakati huu linagusa bukari yetu.

Tuhesabu kwanza. Kule Algiers, tarehe 31 mwezi wa kumi, Mazembe ilipiga USM Alger 2-1. Goli la kwanza ni la Rainford Kalaba, Muzambia. La pili ni la Samatta, Mutanzania. Hapa Lubumbashi ilikuwa 2-0: Samatta tena, kisha Roger Assalé wa Côte d'Ivoire. Magoli mane ya fainali, na hakuna hata moja lenye lilifungwa na Mukongomani. Na bado lile kombe tunaliita letu, na ni letu kweli: la tano, kisha yale ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Hakuna shabiki mwenye alisema: "Haya ni magoli ya wageni, hatuyataki." Hata wandugu zetu wa Lupopo, wenye hawawezi kuipenda Mazembe hata kwa dawa, hawakusema vile. Walisema mambo mengine, lakini si lile.

Na si mara ya kwanza. Mwezi wa pili 2012, Zambia ilipochukua Kombe la Afrika kule Libreville mbele ya Côte d'Ivoire, penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, muchezaji wa Mazembe. Siku ile tulishangilia kama vile ni bendera yetu yenye ilipanda. Huu udugu haukujengwa na wakubwa katika mikutano. Ulijengwa na reli, na shaba, na unga. Bukari yenye tunakula, mara nyingi unga wake ulipita Kasumbalesa. Shaba yetu nayo inapita pale pale, inavuka Zambia mpaka bandari ya Dar es Salaam. Madereva wa malori wakikwama siku tatu ku mupaka, Mutanzania, Muzambia na Mukongomani, wote wanalala chini ya gari na wanakunywa chai ya mama mumoja.

Lakini mashabiki hao hao, sisi hao hao, tuko na siku nyingine yenye hatupendi kuikumbuka. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2010, Abu Dhabi. Mazembe ilikuwa imepiga Pachuca ya Mexico, imepiga Internacional ya Brazili, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Fainali tulipigwa 3-0 na Inter ya Milano. Arbitri alitoka Japani. Hapa Lubumbashi watu wakatoka ku barabara na hasira, wakaona maduka ya Wachina, wakasema: "Bale njo balituiba!" Mawe yakaruka, milango ikavunjwa, vitu vikabebwa.

Tuseme ukweli, kwa maana sindika yenye haiambie watu wake ukweli haina kazi. Arbitri alikuwa Mujapani, na wenye walilipa ni Wachina. Goli la pili la Inter lilifungwa na Samuel Eto'o, mutoto wa Kameruni, Muafrika kama sisi. Hakuna mutu mwenye alienda kutafuta nyumba ya Mukameruni, na ni vizuri vile. Basi ile hasira haikuwa ya mupira. Mizizi yake ilikuwa mahali pengine: mushahara mudogo, kazi ya siku kwa siku bila mukataba, shefu mwenye hatusikilizani naye lugha. Malalamiko yale yalikuwa ya kweli, lakini yalipelekwa kwa mutu asiyehusika. Mutu wa kuuza viatu na masufuria hakutia sahihi kwenye mukataba wa mugodi wowote. Na kesho yake, kisha mawe yote yale, mushahara wetu haukupanda hata franka moja.

Juu ya nini tunayarudilia haya leo, wakati kombe lingali linang'aa? Ni kwa sababu hasira imerudi, na safari hii iko na sababu kubwa zaidi. Bei ya shaba imeanguka. Mwezi wa tisa, Glencore ilitangaza kwamba inasimamisha uzalishaji kwa miezi 18 kule Kolwezi, ku KCC, na kule Zambia, ku Mopani. Muangalie vizuri: mwenye mali ni mumoja, tangazo ni moja, na wenye kulia wako pande mbili za mupaka. Mama wa Kolwezi mwenye anahesabu siku za mushahara wa mwisho wa bwana yake, na mama wa Mufulira mwenye anahesabu zake, hawajuani. Lakini hesabu yao ni moja.

Wakati chakula kinapunguka, maneno mabaya yanazidi. Tangu mwezi wa saba Katanga yetu imekatwa mara ine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Ofisi za majimbo mapya hazijapakwa hata rangi, na tayari tunasikia ku milango ya kazi: "Weye wa Likasi, unatafuta nini Kolwezi? Rudia kwenu!" "Ule Mukasai iko anakula kazi ya mutoto yetu." "Bale Bazambia ba malori, baende." Katika kampuni moja, wajumbe wetu walionyeshwa lista ya watu wa kupunguzwa, na mbele ya kila jina paliandikwa kijiji cha baba. Hawakuandika miaka ya kazi. Hawakuandika ufundi. Paka kijiji cha baba. Wajumbe walikataa kuitia sahihi. Lakini tuseme ukweli mara ingine: mumoja wetu, kabla ya kukataa, aliangalia kwanza kama kijiji chake kiko mule. Hofu iko vile. Haimuachi mutu hata kama amevaa kofia ya sindika.

Sisi wenye tumepita miaka makumi ine tunajua ile njia inafika wapi. Tuliiona 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi. Wafanyakazi wenye walizaliwa hapa, wenye baba zao walichimba hapa, walifukuzwa juu ya jina la Kasai. Walilala ku stasyo ya treni na watoto wao, wakingojea kubebwa, na wengi walikufa mbele ya kufika. Na wenye walibaki walipata nini? Wengine walipata nyumba ya jirani. Lakini kazi je? Mugodi wa Kamoto ulikuwa umekwisha kuporomoka 1990, na Gécamines iliendelea kuanguka miaka yote ile. Kufukuza jirani hakukutoa hata tani moja ya shaba chini ya udongo.

Wakubwa wetu wa mbele walituachia mufano mwingine. Mwaka 1940 wachimba-migodi wa Nkana, kule Zambia ya leo, waligoma juu ya mushahara, na askari wakawapiga risasi. Mwaka 1941 ikawa zamu ya huku. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma ku Élisabethville, muji wenye leo tunauita Lubumbashi. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili walikuwa wamekusanyika. Walikusanyika wapi? Ku uwanja wa mupira. Pale pale njo askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa ajili ya wenzake, alikufa, pamoja na makumi ya wengine. Union Minière ilikuwa imekusanya watu wa kazi kutoka Kasai, kutoka Lomami, kutoka Rwanda na Burundi, na mbele ya pale kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Risasi haikuuliza mutu kijiji cha baba yake. Tusipokumbuka ule uwanja, hatustahili kuimba ku huu wa leo.

Kuna wenye watatuambia: "Nyinyi wa sindika munatetea wageni, na sheria inasema kazi ni ya Mukongomani kwanza." Jibu letu liko wazi. Sheria inalinda kazi ya Mukongomani, na sisi tunataka ifuatwe. Kampuni ikileta mutu wa mbali kwa kazi yenye Mukongomani anaijua, tutaandika barua ku inspeksyo ya kazi na tutaifuata mpaka mwisho. Lakini barua ile inamuhusu mwenye kutoa kazi, haimuhusu mwenye kutafuta mukate. Na mutu wa Likasi akiwa Kolwezi, hakuna sheria yenye inamuita mugeni. Jimbo ni mambo ya utawala, si paspoti.

Wengine watasema: "Na Wazambia je, wanatupokea vizuri?" Si siku zote. Wakongomani wamesumbuliwa kule, wengine wamefukuzwa, na hilo tunawaambia wenzetu wa ngambo bila kuficha. Udugu si kufumba macho. Mazembe yenyewe haimupangi mutu juu ya huruma: akicheza mubaya, anakaa ku banki, awe wa Lubumbashi ao wa Dar es Salaam. Kipimo ni kimoja kwa wote. Ni hicho tu tunaomba kwa mugodi.

Mwezi ujao Mazembe inaenda ku kombe la dunia la vilabu. Linachezewa wapi? Japani, inchi ile ile ya arbitri wa 2010. Basi tuko na maombi matatu, na tunayaweka mbele, kabla mupira haujapigwa.

La kwanza ni kwa mashabiki. Tukishinda, tucheze mpaka asubuhi. Tukipigwa, turudie nyumbani tulale, maana posti ya asubuhi haingojei mutu. Wakubwa wa Badiangwena wapite ku manganda mbele ya mechi, waseme wazi: hakuna jiwe, hakuna duka la kuvunja, arbitri awe wa wapi, duka liwe la nani. Mwenye ako na neno juu ya kampuni ya Wachina, ao ya Wazungu, ao ya Wakongomani, alilete ku ofisi ya sindika asubuhi. Tutaliandika na yeye atatia sahihi.

La pili ni kwa wajumbe wenzetu. Lista yoyote ya kupunguza watu yenye iko na kijiji, kabila ao jimbo, musiipokee, hata kama majina yenu hayako mule. Sheria ya kazi inaomba waangalie ufundi, miaka ya kazi na mizigo ya familia. Muishike pale. Tena tuwaandikie wenzetu wa Kitwe na Mufulira, tujulishane: huko munaahidiwa nini, huku tunaahidiwa nini. Mwenye mali anajua hesabu ya pande zote mbili. Sisi tunajua paka ya upande wetu, na njo maana tunapigwa kila siku.

La tatu ni kwa bapapa na bamama. Watoto wanasikia. Mutoto amevaa jezi ya Samatta, analala nayo, hataki ifuliwe. Jioni ile ile anasikia baba yake ku meza akimuita jirani "mugeni". Huyo mutoto ashike neno gani?

Tumalize na ile nganda. Kijana mwenye aliulizwa na muzee hakujibu palepale. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba nkambo yake alivuka Luapula kwa miguu kuja kuchimba Kipushi. Muzee akasema wake alitoka Kasai na treni. Akaagiza Simba moja, wakaigawa mu bilauri mbili, na ku televizyo Mazembe ilikuwa inainua kombe.